Pigano au Kipigo? Mabingwa wa Uzani Mzito na Swali la "Alipigana na Nani?"

Mjadala wa nani alikuwa bora miongoni mwa mabingwa wa ndondi wa uzani mzito hauna mwisho, na yamkini ndiyo sababu unapendwa. Katika mabweni yetu, pindi umeme upoteapo na vitabu vikafungwa, hauchukui muda kuzuka. Mmoja atamtaja Joe Louis, kwa kuwa alilitetea taji mara 25. Wa pili atamleta Rocky Marciano, aliyestaafu mwaka 1956 akiwa ameshinda mapigano yake yote 49. Wa tatu, na aghalabu ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote, atapiga meza na kuapa kwamba hajazaliwa mwingine kama Muhammad Ali. Kisha huja hoja inayokusudiwa kuwanyamazisha wote: "Lakini huyo wako alipigana na nani?"

Swali hilo si baya. Bingwa huwa bingwa kwa kuwashinda wengine, na ni haki kuuliza hao wengine walikuwa akina nani. Kinachonikera ni jinsi linavyojibiwa. Tunayachukua majina ya walioshindwa, tunayapima kwa rekodi zao, kwa umri wao, kwa uzito wa miili yao na kwa makisio ya wacheza kamari, kisha tunatangaza kwamba pigano hili lilikuwa halali na lile lilikuwa la kumtafutia bingwa kitoweo. Nakusudia kuonyesha kwamba vipimo hivyo vyote vimewahi kutuhadaa, na kwamba kipimo bora tunacho tayari katika sarufi ya lugha yetu.

Mwanafunzi yeyote wa mofolojia anajua kwamba nomino pigano haikutokana na kitenzi piga moja kwa moja. Imetokana na pigana, yaani mzizi pig- ukishaongezewa kiambishi -an- cha kauli ya kutendana. Ndivyo ilivyo kwa shindano na mshindani, ambazo chanzo chake ni shindana. Kiondoe kiambishi hicho na hutabaki na pigano tena. Utabaki na kipigo, na kipigo kina mtenda mmoja na mtendwa mmoja. Kwa maoni yangu, hapo ndipo mpaka ulipo. Pigano la ubingwa halihitaji watu waliolingana, maana hakuna walimwengu wawili waliolingana. Linahitaji wawili ambao kila mmoja anaweza kumpiga mwenzake na kujikinga asipigwe. Uwezo huo ukimtoka mmoja wao, iwe ni kabla ya kengele ya kwanza au katika raundi ya saba, kinachoendelea ulingoni si mchezo, hata kama mkanda ungali unasubiri na tiketi zote zimelipiwa.

Tuanze na Louis. Alilishika taji tangu Juni 1937 hadi alipostaafu Machi 1949. Kati ya Desemba 1940 na Juni 1941 alikuwa akilitetea karibu kila mwezi, na waandishi wa magazeti wa Marekani wakawabandika wapinzani wake lakabu ya dharau, kana kwamba kila mwezi aliletewa goigoi mpya wa kumwangusha. Lakabu hiyo imedumu kuliko majina ya wenyewe, na hadi leo hutumiwa kumpunguzia Louis heshima. Lakini hebu tuwatazame hao magoigoi. Mmoja wao, Buddy Baer, alimtupa Louis nje ya kamba katika raundi ya kwanza mwezi Mei 1941. Aliyemfuata, tarehe 18 Juni huko New York, ni Billy Conn, bingwa wa zamani wa daraja lililo chini ya uzani mzito. Kwa mujibu wa mizani, Conn alizidiwa kwa zaidi ya kilo 10. Lau uzito wa mwili ungekuwa ndio kipimo, mtu mwenye huruma angelipiga marufuku pigano hilo. Baada ya raundi 12, kadi mbili za majaji zilimwonyesha Conn akiongoza, na ya tatu ilikuwa sare. Hapo akaingiwa na tamaa ya kummaliza bingwa kwa nokauti, akaangushwa yeye katika raundi ya 13 zikiwa zimesalia sekunde 2 tu raundi hiyo iishe.

Umri nao je? Jersey Joe Walcott alikuwa na miaka 38 alipokutana na Marciano jijini Philadelphia mnamo Septemba 1952, naye Marciano alikuwa kijana wa miaka 29 asiyejua kushindwa. Walcott alimwangusha katika raundi ya kwanza, akaongoza kwenye kadi zote tatu hadi raundi ya 13, ambapo konde moja la mkono wa kulia lilimtoa fahamu. Nawaomba wasomaji waukumbuke umri huo wa miaka 38. Tutaurudia.

Rekodi na kamari ndivyo vipimo tunavyoviamini zaidi, navyo ndivyo viongo kuliko vyote. Mwezi Juni 1988, Mike Tyson alipambana na Michael Spinks mjini Atlantic City. Kwenye karatasi, lilikuwa pigano la haki kuliko yote ya muongo ule: wote wawili walikuwa hawajawahi kushindwa, na Spinks ndiye aliyekuwa amemng'oa Larry Holmes. Lilidumu sekunde 91. Miezi ishirini hivi baadaye, Februari 1990, Tyson alikwenda Tokyo kupigana na James Douglas, mtu ambaye nyumba moja ya kamari ya Las Vegas ilikisia nafasi yake kuwa 1 kwa 42. Watu walilalamika kwamba lilikuwa pigano la kuwaibia watazamaji. Douglas alimwangusha Tyson katika raundi ya 10, na Tyson akaonekana akipapasa sakafu akitafuta kinga yake ya meno.

Wapo hata washindani ambao hawakuwa na rekodi yoyote. Pete Rademacher, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1956, alijitafutia wafadhili na kupigania taji la dunia katika pigano lake la kwanza kabisa la kulipwa, dhidi ya Floyd Patterson mjini Seattle mwaka 1957. Akamwangusha bingwa katika raundi ya pili, kabla ya yeye mwenyewe kuangushwa mara kadhaa na kushindwa katika ya sita. Historia kama hiyo ilijirudia Riyadh mnamo Oktoba 2023, ingawa taji halikuwekwa hatarini: Francis Ngannou wa Kamerun, aliyesifika katika mchezo mwingine wa mapambano, alimwangusha Tyson Fury katika pigano lake la kwanza la ndondi, akashindwa kwa tofauti ya kura za majaji. Miezi mitano baadaye Anthony Joshua alimwangusha Ngannou mara tatu katika raundi mbili. Ni mtu yule yule na rekodi ile ile ya kukosa rekodi.

Mfano unaotugusa zaidi sisi wa bara hili ni ule wa Kinshasa. Tarehe 30 Oktoba 1974, George Foreman aliingia ulingoni akiwa na miaka 25, ameshinda mapigano 40 bila kushindwa, 37 kwa nokauti. Joe Frazier na Ken Norton ndio waliokuwa wamewahi kumshinda Ali. Foreman alimwangusha Frazier mara sita katika raundi mbili mjini Kingston, Januari 1973. Norton naye hakuzimaliza raundi mbili mjini Caracas, Machi 1974. Hesabu ilikuwa nyepesi: ikiwa Ali alishindwa na hao wawili, na hao wawili hawakuweza kusimama mbele ya Foreman dakika sita, basi Ali angekufa. Wapo waliolisema neno hilo waziwazi, na hawakuwa wakitania.

Umati ulipaza sauti kwa Kilingala ukimtaka Ali amuue mwenzake, Ali boma ye. Sikio la Mswahili husikia kitu kingine katika neno hilo boma, nacho hakiko mbali na yaliyotukia. Ali aliegemea kamba, akaifanya mikono yake kuwa ngome, akamwacha Foreman aipige hadi nguvu zikamwishia. Katika raundi ya nane akamwangusha.

Sasa kuna wanaoitumia Kinshasa kama rungu la kumpigia kila mwenye kuhoji pigano lolote. Husema: "Mngelizuia hilo pia." La hasha. Aliyetazama kwa makini hakukosa ushahidi. Ali alikuwa amelipiza kisasi kwa Norton mnamo Septemba 1973 na kwa Frazier mnamo Januari 1974. Miguu ilikuwapo, macho yalikuwapo, kifua kilikuwapo. Kilichotiliwa shaka ni kama vingetosha kwa Foreman. Shaka ya namna hiyo ndiyo inayouza tiketi, na ni halali iuzwe. Shaka kuhusu kama vipo ni jambo jingine kabisa, nayo inatupeleka Las Vegas.

Tarehe 2 Oktoba 1980, Ali aliyekuwa amestaafu alirudi kumpinga Larry Holmes kwa taji la WBC. Alikuwa na miaka 38, umri ule ule wa Walcott. Hakuwa amepigana kwa miaka miwili. Holmes alikuwa na miaka 30, hajashindwa na yeyote, na kwa kejeli ya majaaliwa aliwahi kuajiriwa na Ali kuwa mwenzake wa mazoezi. Tume ya michezo ya jimbo la Nevada ilitaka Ali apimwe afya, naye akapimwa katika kliniki mashuhuri ya Mayo. Ripoti ilitaja dosari ndogondogo: usemi usio wazi sana, wepesi uliopungua wa kuruka kwa mguu mmoja, kidole kilichoikosa ncha ya pua kwa kiasi kidogo. Leseni ikatolewa. Fauka ya hayo, Ali alikuwa akimeza dawa za tezi kupita kiasi alichoandikiwa, na mwili ukakonda upesi. Siku ya kupimwa uzito mizani ilionyesha karibu kiwango kile kile cha Kinshasa. Watu wakamtazama, wakaona tumbo limeisha na nywele zimekolea weusi, wakaamini.

Nimelitazama pigano hilo kwenye kanda mara mbili, na sina nia ya kulitazama mara ya tatu. Hakuna raundi ambayo Ali aliipata kwenye kadi ya jaji yeyote kati ya watatu. Hilo peke yake si hoja, kwa sababu mtu anaweza kushindwa raundi zote na bado akawa anapigana. Hoja ni kwamba mikono ya Ali haikuwa ikitoka. Aliegemea kamba kama Kinshasa, ila safari hii nyuma ya ngome hapakuwa na askari. Holmes alipiga, akasita, akamtazama refa, akapiga tena. Baada ya raundi ya 10, mkufunzi Angelo Dundee alikataa kumrudisha ulingoni, huku msaidizi mwingine wa kona ile ile akishindana naye ili Ali aendelee. Ndiyo mara pekee katika maisha ya Ali kushindwa kabla ya raundi kuisha zote. Holmes alilia. Usiku huo alikwenda chumbani mwa Ali kumwona.

Wasomaji wengine watasema kwamba Ali alikuwa mtu mzima, alijua alitakalo, na ujira wake ulikuwa dola milioni 8, ingawa ilibidi aende mahakamani kudai sehemu aliyopunjwa. Watauongeza msemo tuupendao: asiyekubali kushindwa si mshindani. Naukubali msemo huo, lakini naomba tuusome kwa darubini ya sarufi. Una kauli mbili ndani yake. Kushindwa ni ya kutendwa, na mshindani ni ya kutendana. Aghalabu tunaukazia upande wa kwanza, tukimwamuru aliyeanguka akubali na kunyamaza. Tunasahau kwamba upande wa pili unadai kwanza pawe na kushindana. Aliyeingizwa ulingoni bila uwezo wa kurudisha konde hawezi kuambiwa amekataa kushindwa; hakushindana. Na kuhusu ridhaa, bondia ndiye mtu wa mwisho anayefaa kuulizwa. Kazi yake yote imemfunza kusema yuko salama.

Hapa sisi Wakenya hatuna haja ya kutafuta mifano ng'ambo. Robert Wangila alituletea dhahabu kutoka Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, Mkenya wa kwanza kuipata katika ndondi. Hakuwa wa uzani mzito, wala pigano lake la mwisho halikuwa la ubingwa wa dunia, lakini siwezi kuandika makala haya nikamruka. Mnamo Julai 1994, huko Las Vegas, refa alilisimamisha pigano lake na David Gonzalez katika raundi ya tisa. Wangila alilalamika kwamba amesimamishwa mapema. Muda mfupi baadaye, chumbani mwa kubadilishia nguo, alizirai. Hakuzinduka. Alikuwa na miaka 26. Kila nisikiapo watazamaji wakimzomea refa kwa kuliua pambano, humkumbuka mwana wetu huyu, aliyekuwa na nguvu za kulalamika ilhali ubongo wake ulikuwa tayari umeumia.

Vyombo vinavyosimamia ndondi hujitetea kwa kanuni. Ni kweli kwamba baada ya kifo cha bondia wa Korea Kusini, Duk Koo Kim, mwaka 1982, baraza la WBC lilipunguza raundi za ubingwa kutoka 15 hadi 12, na wengine wakafuata. Lakini kanuni ya idadi ya raundi haimsaidii mtu ambaye hakufaa kupigana hata raundi moja. Tena mabingwa wana mlango wa kutokea. Mwaka 1983 WBC ilikataa kuliidhinisha pigano la Holmes na Marvis Frazier, mtoto wa Joe, aliyekuwa na mapigano 10 tu. Holmes alipigana naye vivyo hivyo, akamwelemea katika raundi ya kwanza, na huku akimpiga akawa anamwashiria refa alisimamishe. Kisha akalirudisha taji la WBC na kukubali kutambuliwa na shirikisho jipya la IBF. Ile ishara ya mkono kwa refa huwa siisahau. Katika ukumbi mzima, aliyeng'amua kwanza kwamba pigano limekwisha kuwa kipigo ni yule aliyekuwa akipiga.

Basi nani apime, na apimeje? Si kwa kuweka kikomo cha umri. Foreman aliyeangushwa Kinshasa alilirudia taji tarehe 5 Novemba 1994 kwa kumwangusha Michael Moorer katika raundi ya 10, akiwa na miaka 45. Na ilibidi suala la kuidhinishwa kwake lifikishwe mahakamani kwanza. Kikomo cha umri kingemzuia yeye na Walcott. Kinachotakiwa ni kuyatazama mapigano ya karibuni ya mhusika na mazoezi yake, kuwasikiliza madaktari hata wanapotaja dosari ndogo, na kulirudia swali kila baada ya raundi: bado anaweza kurudisha? Swali hilo si gumu. Dundee alilijibu, ijapokuwa kwa maoni yangu alichelewa raundi nne.

Nirudi sasa kwenye mjadala wa mabwenini, maana nimeahidi kulishughulikia swali la nani alipigana na nani. Mtu anayedhulumiwa kuliko wote katika mjadala ule ni Holmes. Alilitetea taji mara 20. Alifika mapigano 48 bila kushindwa, akabakiza moja tu kumfikia Marciano, ndipo Spinks akamshinda mwaka 1985. Ngumi yake ya kushoto iliyonyooka sijaona bora yake katika uzani ule. Lakini atajwapo hukumbukwa kama mtu aliyempiga mzee Ali, kana kwamba yeye ndiye aliyemtoa Ali nyumbani kwake.

Kisha yakamfika yale yale. Januari 1988, baada ya karibu miaka miwili bila kupigana, Holmes alirudi ulingoni kumkabili Tyson mjini Atlantic City. Alikuwa na miaka 38. Ali, ambaye tangu mwaka 1984 ilijulikana ana maradhi ya Parkinson, alikuwapo ukumbini. Katika raundi ya nne Holmes alianza kuchezesha miguu na kutupa ile ngumi ya kushoto, na kwa dakika moja hivi palikuwa na watu wawili ulingoni. Ndipo Tyson akamwangusha mara tatu. Kwa Holmes pia, ndiyo mara pekee kushindwa kwa namna hiyo. Miaka minne baadaye, akiwa na miaka 42, alisimama raundi zote 12 na Evander Holyfield, akashindwa kwa pointi tu.

Kwa kipimo changu, Januari 1988 lilikuwa pigano, lililokuwa jembamba mno lakini pigano. Oktoba 1980 halikuwa. Vitabu vya rekodi vinasema Holmes alishinda mapigano 69. Mimi humhesabia 68, na sidhani kama yeye angenigombeza.